Kwa nini tulilipia umeme wa upepo ambao haukuwa umefika kwenye gridi?

SWALI: Nasikia mradi wa upepo wa Ziwa Turkana ulilipwa kabla umeme wake haujamfikia mteja hata mmoja. Je, huo si wizi? Na nishati safi si ilikusudiwa kupunguza bili?

JIBU: Ndugu msomaji, malipo hayo yalikuwa yameandikwa katika mkataba, na hapo ndipo ninapoliona tatizo. Mitambo 365 ya upepo ya Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, yenye uwezo wa megawati 310, ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini laini ya zaidi ya kilomita 400 hadi kituo cha umeme cha Suswa, ambayo ilikuwa jukumu la serikali, iliwashwa Septemba 2018, baada ya mkandarasi wa kwanza, kampuni ya Kihispania, kufilisika kazi ikiendelea. Kwa muda huo mitambo ilihesabiwa kana kwamba inauza umeme.

Kipengele hicho cha mkataba, cha kulipia umeme hata usiposafirishwa, ni cha kawaida. Jenereta ya dizeli ikizimwa, gharama ya mafuta husimama. Upepo haununuliwi, karibu gharama yote ya mradi wa namna hii ni mkopo ambao umekwisha kutumika siku mitambo inaposimikwa, na benki hudai marejesho hata kama nyaya hazijavutwa. Kwa hiyo mkataba mbaya wa upepo hauwezi kupunguzwa makali kwa kuzima mtambo: unamfunga mnunuzi kwa miaka 20. Benki ya Dunia ilijiondoa mwaka 2012 ikihofia kwamba Kenya ingelipia umeme isiouhitaji. Onyo zito kiasi hicho lilistahili kujadiliwa hadharani, maana atakayelipa mwishowe ni mwananchi.

Kuhusu bili, umeme wa upepo ukiingia kwenye gridi hupunguza matumizi ya dizeli, na nafuu hiyo ni ya kweli. Lakini soma ujumbe wa tokeni unaoletwa kwenye simu yako: utaona gharama ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, kodi na tozo, kila moja na kiasi chake. Malipo ya umeme ambao haukusafirishwa hayana mstari wao. Gharama za mikataba zimo ndani ya bei ya uniti, na mlipaji hawezi kuhoji asichokiona.

Usiri huo haukuishia kwenye bei. Mwaka 2021 mahakama ya mazingira na ardhi iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ekari 150,000 za mradi zilitolewa bila kufuata utaratibu wa sheria, katika ardhi ambayo wafugaji wa Marsabit wanaitegemea kwa malisho.

EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati na petroli nchini, inapoitisha maoni ya umma kuhusu bei mpya, hudhuria au andika, na utumie Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 kuomba mambo matatu ya kila mkataba: tarehe ambayo laini lazima iwe tayari, nani anabeba hasara ikichelewa, na malipo ni ya sarafu gani.