Mapro watano, miaka miwili miwili, "akizingua tunampa thank you"? Msisaini kwanza

Mkuu, simamisha huo usajili. Bajeti mtagawanya baadaye. Umeandika kwamba timu yenu imepanda Ligi Kuu, mfadhili ameshatoa fedha, mnataka mapro watano (wachezaji wa kulipwa kutoka nje) kwa dola 1,500 kila mmoja kwa mwezi, mikataba ya miaka miwili, halafu "atakayezingua tunampa thank you dirisha dogo" (yaani anaachwa kwenye usajili wa katikati ya msimu). Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyoimaliza timu niliyokuwa kwenye kamati yake ya usajili. Yalisemwa kikaoni hivyo hivyo, watu wakaitikia, tukasaini.

Chukua pro mmoja tu. Dola 1,500 kwa miezi 24 ni dola 36,000. Umemlipa kuanzia Agosti hadi Desemba, zimetoka 7,500. Januari kocha anasema hafai, mnamwandikia barua. Ninyi mnahesabu kwamba mmeokoa 28,500. Kwa FIFA hizo 28,500 ni deni lenu. Kushuka kiwango si sababu halali ya kuvunja mkataba. Kuumia si sababu. Kocha mpya kutompenda ndiyo kabisa. Fidia huanzia kwenye mishahara iliyobaki hadi mwisho wa mkataba. Akipata timu nyingine, anacholipwa huko kinapunguzwa. Akirudi kwao akakaa bila timu, hakuna cha kupunguza. Wakizingua watatu kati ya hao watano, ni dola 85,500, na juu yake riba, ambayo kwa kawaida ni asilimia 5 kwa mwaka.

Wenzetu wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, wana kikomo cha mishahara kilichoandikwa, na bado yanawakuta. Timu ya Denver Broncos ilipomwacha mchezaji wake Russell Wilson mwaka 2024, dola milioni 85 zilibaki zikihesabiwa ndani ya kikomo chao kwa misimu miwili, huku mtu mwenyewe akichezea timu nyingine. Wao walikuwa nazo. Sisi hatuna hata kikomo cha kutuzuia; kikomo chetu ni siku mfadhili atakapoacha kupokea simu.

Sasa huyo wakala wenu. Simjui, lakini ninamjua wetu. Alikuja na video, na shati zuri, na mikataba imeshachapwa. Tulipouliza itakuwaje mchezaji akishindwa, alitujibu, "Hawa vijana wangu hawana shida, nikiongea naye anaondoka kimya." Hakuondoka kimya. Na wakala yule alikuwa ameshachukua chake siku ya kusaini, kwa hiyo mkataba ukidumu au ukivunjika kwake yote sawa. Ilipofika zamu ya kesi, mwanasheria wa mchezaji aliletwa na nani? Na wakala huyo huyo! Bado ninachemka nikikumbuka. Na yule mjumbe wetu mmoja aliyejiita mzoefu wa sheria za soka, aliyesema FIFA haina muda na timu ndogo za Tanzania, naye alitukosea sana. FIFA ina muda. Mchezaji kufungua madai pale halipi hata senti.

Ngoja nieleze ilivyokwenda, maana hapa ndipo fedha zilipoteketea. Mshambuliaji wetu hakufunga. Dirisha dogo tukaamua aachwe. Kwanza akaambiwa afanye mazoezi peke yake asubuhi, wenzake wakiingia jioni, ili achoke aombe kuondoka. Hilo peke yake ni kosa: kanuni za FIFA zinalihesabu kama unyanyasaji wa kumlazimisha mchezaji avunje mkataba, na linampa haki ya kuuvunja yeye na kudai fidia. Kisha mishahara ikasimama. Mishahara miwili ikipita tarehe yake bila kulipwa, mchezaji anakuandikia barua, anakupa siku zisizopungua 15, na usipolipa mkataba umevunjika kwa kosa lako. Barua yake ilikuja. Mweka hazina akaipinda, akaiweka ndani ya daftari la posho.

Mwishowe tukamwita, tukampa fedha taslimu ndani ya bahasha ya kaki kwenye maegesho ya hoteli, akasaini karatasi ya kuchanwa kwenye daftari: "Nimepokea." Amepokea nini? Kwa ajili ya nini? Je, ndiyo mwisho wa mkataba? Karatasi haikusema. Anayedai kwamba amelipa ndiye anayetakiwa kuthibitisha, na kwa karatasi ile hatukuwa na cha kuonyesha. Zile fedha tulizitoa bure, mkuu. Zingepita benki, na makubaliano ya kuachana yakaandikwa kwa kiasi na tarehe, kesi isingekuwepo.

Baya kuliko yote: madai ya FIFA yanakuja kwa mtandao, na barua pepe inayohesabika ni ile iliyosajiliwa kwenye mfumo wao wa uhamisho, TMS. Barua pepe yetu ilikuwa ya katibu wa zamani, aliyeondoka kwa ugomvi na neno la siri lake. Madai yaliingia, hakuna aliyesoma. Muda wa kujitetea ukapita. Uamuzi ukatoka. Ukipata uamuzi ulioandikwa bila kueleza sababu zake, una siku 10 za kuomba sababu hizo. Usipoomba, umekuwa wa mwisho, na njia ya kukata rufaa CAS, mahakama ya usuluhishi wa michezo kule Lausanne, imefungwa. Tulikuja kujua siku tulipotaka kuingiza majina ya msimu mpya na mfumo ukakataa.

Adhabu yenyewe iko hivi: uamuzi unakupa siku 45 za kulipa. Zikipita, unafungiwa kusajili, hadi madirisha matatu mfululizo, labda ulipe kabla. Fikiria mmepanda Ligi Kuu, wazawa wazuri mikataba yao imeisha, na mmezuiwa kumwingiza hata mtu mmoja. Tulianza ligi na vijana wa timu ya pili. Walipigana, Mungu awabariki, lakini ilikuwa kuwatupa mbele ya simba.

Na asikudanganye mtu kwamba mtauza timu, ihame mkoa, ibadilishwe jina, deni life. FIFA inaangalia mrithi wa kimichezo: nafasi kwenye ligi, wachezaji, rangi, historia. Mrithi analipa. Kwa hiyo na ninyi, kama hiyo timu mliinunua, ulizeni ina kesi gani kabla ya kununua hata jezi.

Kanuni ninayoishika ni hii moja: kabla ya kusaini, andika pembeni ya jina gharama ya kumwacha mchezaji huyo Januari. Kama hamna fedha hiyo leo, benki, msisaini. Si mshahara wa mwezi. Gharama ya kumwacha. Kwa mapro wenu watano jumla ni dola 142,500. Mfadhili ameweka hizo? Kama hajaweka, hamna mapro watano. Labda mnaye mmoja, labda wawili.

Punguza urefu wa mkataba na hiyo namba inashuka yenyewe. Kwa kanuni mkataba mfupi kabisa ni kuanzia siku unapoanza hadi mwisho wa msimu, kwa hiyo wazo la "miezi mitano ya majaribio" hadi Desemba lisahauni, lakini msimu mmoja unaruhusiwa. Dola 1,500 kuanzia Agosti hadi Mei ni miezi kumi. Ukiachana naye Januari imebaki 7,500 badala ya 28,500. Wakala atakwambia mchezaji hakubali chini ya miaka miwili. Mwache aende, wapo watakaokubali.

Na msiandike kwamba mkataba utakuwa halali akifaulu vipimo vya afya au akipata kibali cha kazi. Kipengele hicho hakikulindi, kanuni zinakikataza. Mpime kwanza, fuatilia kibali kwanza, kisha ndiyo kalamu. Angalieni pia kama mkataba unasema 1,500 "mkononi": hapo kodi ni ya klabu, na hesabu yote niliyokupa inapanda.

Wazawa nao wasikufanye ulegee. Kesi zao huanzia kwenye shirikisho letu, TFF, Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji, na kule nako timu hufungiwa. Namba ile ile, pembeni ya kila jina.

Kesho asubuhi, kabla ya kikao chochote, mtafute aliyeshika neno la siri la TMS, muingie, msome kila kilichomo, na mbadilishe barua pepe iwe ya klabu, isomwe na watu wawili. Halafu rasimu za wakala ziweke hapa kwenye uzi, futa majina, acha kipengele cha muda na cha kuvunja mkataba. Nitavisoma usiku huu huu.