Mzingo wa nusu duara: kwa nini jibu si sentimita 22

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba mwanao alipewa nusu duara yenye kipenyo cha sentimita 14, akaandika kuwa mzingo wake ni sentimita 22, na mwalimu akamkosesha. Mwalimu yuko sahihi. Mzingo ni urefu wa mstari wote unaolizunguka umbo; kwa duara zima tunazidisha kipenyo kwa pai, yaani 22/7 × 14, tunapata sentimita 44, na nusu yake, 22, ni urefu wa tao, yaani ukingo uliopinda, peke yake. Duara linapokatwa katikati huzaliwa ukingo mpya ulionyooka, ambao ni kipenyo chenyewe, kwa hiyo mzingo ni 22 + 14 = sentimita 36. Asipoelewa, mpe nusu chapati na uzi, auzungushe ukingoni mpaka uzi urudi ulipoanzia, kisha aupime kwa rula.

Jambo jingine: 22/7 ni makadirio tu, kwani Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alikwisha kuthibitisha kwamba pai ni ndogo kidogo kuliko hapo. Kipenyo kisipogawanyika kwa 7, ni rahisi zaidi kutumia 3.14, isipokuwa swali limeagiza vinginevyo.