Jibu: Salil Chowdhury alikuwa mshairi au mtunzi wa muziki?

Mkuu, umeuliza kama Salil Chowdhury, msanii wa India, alikuwa mwandishi wa mashairi au mtunzi wa muziki tu. Inategemea lugha. Kwa Kibengali mara nyingi alifanya yote mawili, maneno yake na tuni yake. Kwa Kihindi alitunga muziki, maneno wakaandika wengine, hasa Shailendra.

Alikulia kwenye mashamba ya chai ya Assam, baba yake akiwa daktari mwenye santuri za muziki wa Ulaya. Baadaye akajiunga na IPTA, kundi la wasanii wa mrengo wa kushoto, akawa anatungia nyimbo za wakulima na wafanyakazi.

Ukitaka kumwelewa, anza na wimbo wa Kibengali "Gnayer Bodhu" wa 1949, ulioimbwa na Hemanta Mukherjee. Unaanza kwa utulivu: bibi harusi wa kijijini, nyumba yake, raha zake ndogo. Halafu njaa kuu ya Bengal inaingia na muziki wenyewe unageuka. Ulikuwa mrefu kiasi cha kujaza pande zote mbili za santuri.

Bombay, kitovu cha filamu za Kihindi, alifika kupitia hadithi: kisa chake cha mvuta riksho ndicho kilichozaa filamu ya "Do Bigha Zamin" (1953). "Madhumati" (1958) ikampa Filmfare, tuzo ya filamu za Kihindi, kwa muziki wake. Wengi humsifu kwa wimbo wa 1961 alioujenga juu ya Simfoni namba 40 ya Mozart. Ni mtamu, sikatai, ila kwangu Salil halisi yuko kwenye Kibengali.