Kazi ya saikolojia ya shule ipo, ila uliza kwanza ni shule ngapi

Wengi wanaoniuliza kama saikolojia ya shule ina ajira huwa wameshachungulia matangazo ya kazi, wakakuta mawili matatu, wakaanza kujuta hata kabla ya kujiunga na chuo. Nawaelewa. Nilipomaliza masomo nilikaa miezi saba nikisaka tangazo lililoandikwa "mwanasaikolojia wa shule". Kumbe kazi zenyewe zilikuwa zinanipita zikiitwa mshauri nasaha, ofisa wa elimu maalumu, mtathmini wa wanafunzi. Nilikuwa nasoma vichwa vya matangazo tu, majukumu siyasomi.

Jambo ambalo darasani halikutajwa ni kwamba ajira ya fani hii hufuata sheria. Watoto wenye shida wamo katika kila shule, lakini fungu la mshahara hutengwa pale sheria inapotaka mtoto atathminiwe kabla ya kupewa huduma. Marekani ilipitisha sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu mwaka 1975, shule za umma zikabanwa: mtoto anayedhaniwa kuwa na ulemavu lazima apimwe, na mpimaji lazima alipwe. Mpaka leo watu hawatoshi. Chama cha wanasaikolojia wa shule wa huko, NASP, kinapendekeza mwanasaikolojia mmoja kwa wanafunzi 500, ilhali kwa wastani wa nchi nzima mmoja anabeba zaidi ya 1,000. England nako mpango wa msaada kwa mtoto mwenye mahitaji maalumu hauandaliwi bila ushauri wa mwanasaikolojia wa elimu, kwa hiyo halmashauri zinahangaika kuwapata. Ila usikimbilie huko kichwa kichwa. Kule ni shahada ya uzamivu, miaka mitatu mizima, ndipo usajiliwe.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada, tafuta sheria ya elimu maalumu ya mahali unapotaka kufanya kazi uisome. Ikiwa haisemi lolote kuhusu upimaji, jiandae kuajiriwa kwa jina jingine, au kwenye shule binafsi, kliniki za watoto na mashirika.

Sasa, uhaba una upande wake mchungu. Kazi yangu ya kwanza niliipokea kwa shangwe, sikuuliza kitu. Jumatatu asubuhi nikakabidhiwa orodha ya shule sita. Katika mojawapo, ofisi yangu ilikuwa stoo ya vifaa vya michezo. Nilimpima humo mtoto wa miaka 8 uwezo wa kufikiri: vichemraba vyekundu na vyeupe juu ya dawati, saa ya kuhesabia sekunde mkononi mwangu. Kila akikaribia kumaliza kupanga umbo, mlango unagongwa, mtu anafuata mpira. Mara ya tatu mtoto akaviacha vichemraba, akanitazama vizuri, akauliza, "Kwani wewe ndiye mtunza mipira?"

Alama za siku ile sikuzitumia. Na kipimo kilekile huwezi kumrudishia mtoto wiki inayofuata, maana ameshakionja, atapata alama zisizo zake. Ikabidi nitafute kipimo kingine, ripoti ikachelewa, mzazi akanung'unika, na lawama zote zikaniangukia mimi. Nilistahili nusu yake, kwa kuwa chumba sikukiulizia.

Siku hizi nikimwandaa mtu kwa usaili namwambia naye aulize: shule ngapi, siku ngapi kila moja, nani atanisimamia mwaka wa kwanza, na nani ananunua karatasi za kujibia vipimo. Hilo la mwisho huonekana dogo mpaka uambiwe utoe fotokopi, na vipimo hivyo vina hakimiliki. Uliza pia ripoti zinaandikwa saa ngapi. Kama muda huo haumo kwenye ratiba, basi ni usiku wako.

Mafunzo kwa vitendo nayo usiyachukulie kama mhuri wa kumalizia shahada. NASP hutaka yasipungue saa 1,200, angalau 600 kati yake ziwe shuleni, na wenzangu kadhaa waliajiriwa palepale walipofanyia mafunzo. Mimi nilichagua kituo kilicho karibu na nilipokaa, basi. Nikatoka bila hata ripoti moja ya kumwonyesha mwajiri.

Nilipohama kazi nilikwenda kwenye usaili na ripoti niliyoiandika upya, jina na kila kitu cha kumtambulisha mtoto kimeondolewa. Mwalimu mkuu aliisoma kurasa mbili, akaacha kuniuliza kuhusu nadharia. Nikamuuliza mimi: shule ngapi? Akahesabu kwa vidole, "Mbili. Labda tatu." Nikamwomba aiandike hiyo kwenye mkataba. Akafikiri kidogo, akaandika mbili.