Adapta ya Simu Imegoma Kufunguka: Maswali ya Wasomaji wa Tanga

Barua nyingi za safari hii zimetoka Tanga, na zinahusu kidude kimoja: adapta inayoiunganisha simu ya kawaida ya mezani na ruta ya intaneti. Ina tundu dogo la waya wa simu, tundu kubwa la kebo ya mtandao, na ndani yake huwekwa akaunti ya kampuni inayotoa huduma ya simu za intaneti. Swali la kwanza tumelijibu kwa kirefu, kwa sababu wanaokwama wengi hukwama hapo hapo.

SWALI: Mhariri, salaam. Nimenunua Grandstream HT812 kwa ajili ya ofisi. Nimechomeka kebo kutoka kwenye ruta, taa zinawaka. Kila nikiandika 192.168.2.1 kama kitabu kinavyoelekeza, kompyuta inazunguka weee, mwisho inasema ukurasa haupatikani. Nimeshairudisha kwenye hali ya kiwandani mara tatu. Ni mbovu? *Msomaji, Chumbageni*

JIBU: Si mbovu, ndugu yetu, na tafadhali usiirudishe kiwandani mara ya nne. Anwani uliyoandika ni sahihi, ila unabisha hodi upande usio wake.

HT812 ina matundu mawili ya kebo ya mtandao: WAN, la kwenda kwenye ruta, na LAN, la vifaa vya ndani. Anwani 192.168.2.1 ni ya upande wa LAN peke yake. Upande wa WAN, ambako umechomeka kebo ya ruta, adapta haijichagulii anwani. Inapewa na ruta, tuseme 192.168.1.23. Kompyuta yako imeshika wifi ya ruta, kwa hiyo ipo upande wa WAN. Ukiiambia itafute 192.168.2.1, huko iliko hakuna kitu cha namna hiyo, hata ukae mpaka jioni.

Kuna njia mbili. Ya kwanza: zima wifi ya kompyuta, chukua kebo ya mtandao, uiunganishe kompyuta moja kwa moja na tundu la LAN la adapta. Subiri kama nusu dakika. Kompyuta ikipata anwani inayoanza na 192.168.2, fungua kivinjari uandike http://192.168.2.1, na hiyo http:// iandike yote, maana ukiiacha vivinjari vingine huipeleka kutafutwa kwenye Google badala ya kufungua adapta. Kompyuta ikipata anwani inayoanza na 169.254, maana yake haikupewa anwani na mtu yeyote ikajitungia ya kwake: kebo ni mbovu au umechomeka tundu lingine.

Njia ya pili ndiyo tunayoipenda zaidi, kwa sababu adapta yenyewe inakutajia anwani yake. Chomeka simu ya mezani kwenye tundu la kwanza la simu, nyanyua mkono wa simu, bonyeza nyota mara tatu. Utasikia sauti ya menyu. Bonyeza 02, nayo itakusomea anwani tarakimu kwa tarakimu. Iandike kwenye karatasi. Ukurasa wa mipangilio unaweza kuwa umefungwa kwa wanaotokea upande wa WAN, hivyo rudi kwenye menyu, bonyeza 12, kisha 9 ili uufungue. Ukimaliza kazi ufunge tena. Mlango ulioachwa wazi kwenye mtandao wa ofisi hauna faida.

Ikikusomea sifuri tupu, ruta haijaipa anwani. Angalia kebo kwanza. Kisha bonyeza 01 kwenye menyu hiyo hiyo usikilize: ikisema anwani imewekwa kwa mkono, bonyeza 9 mpaka iseme DHCP (yaani ipewe anwani na ruta), kisha iwashe upya.

Na kama ukibonyeza nyota hakuna linalotokea, tazama chini ya simu yenyewe. Simu nyingi za zamani zina swichi ndogo yenye herufi T na P. Ikiwa kwenye P, simu inatuma mapigo badala ya milio, na nyota haina mapigo yake. Isogeze kwenye T. Tunalitaja hili kwa sababu adapta nzima hurudishwa dukani kwa kosa la swichi hiyo.

Vizuizi viwili vingine hujificha. Ukitumia simu ya mkononi kufungua ukurasa huo, zima data, la sivyo simu inaweza kuipeleka anwani hiyo kwenye mtandao wa laini. Pia usitumie wifi ya wageni; ruta nyingi huwazuia walio humo wasione kifaa kingine chochote. Na endapo ruta yako nayo inagawa anwani za 192.168.2, pande mbili za adapta zinafanana nayo haijui ielekee wapi. Ingia kwa kebo kupitia LAN, badilisha anwani ya upande huo iwe mfano 192.168.50.1, hifadhi, uwashe upya.

Wenye HT801 na HT802 mna tundu moja tu la kebo. Hamna haja ya 192.168.2.1 hata kidogo; nyota tatu, 02, basi.

SWALI: Nimeuziwa Linksys PAP2T iliyotumika. Anwani nimeipata, lakini ikiniuliza jina na nenosiri, kila ninachoandika inakataa. Nimejaribu admin/admin, 1234, vyote. *Mwenye duka la dawa, Ngamiani*

JIBU: Dada yetu, acha kubahatisha. Nyanyua simu, bonyeza nyota mara nne, kisha 73738#. Tarakimu hizo ni neno RESET kwenye vitufe. Itakuuliza kama una uhakika. Bonyeza 1, kata simu, subiri iwake upya. Ikikubali, ukurasa utafunguka bila nenosiri. Bofya "Admin Login", kisha hamia mwonekano wa "Advanced", kwa sababu mwonekano wa kawaida huficha nusu ya mambo utakayoyahitaji. Weka nenosiri jipya siku hiyo hiyo. Anwani yake ukiihitaji tena ni nyota nne, 110#.

Lakini kama ile 73738# nayo inadai nenosiri, adapta hiyo imefungwa na kampuni iliyoigawa mwanzo kwa wateja wake. Inaweza kuendelea kuzitafuta seva za kampuni hiyo kila inapowaka. Hapo mrudishie aliyekuuzia. Anayenunua kilichotumika afanye jaribio hili mbele ya muuzaji, kabla pesa haijatoka mkononi; linachukua dakika tano na simu moja ya mezani.

Kwa Grandstream mpya, nenosiri la kuanzia limechapwa kwenye stika ya chini, na kila mashine ina lake. Herufi kubwa na ndogo si sawa. Piga picha stika hiyo kabla hujaigongelea adapta ukutani.

SWALI: Nyumba yetu ya wageni ipo Raskazone na tunatumia ruta ya 4G. Ukurasa unafunguka, nimejaza kila kitu, lakini haijisajili. Jana ilijisajili, nikapiga vizuri, ila baada ya dakika chache aliyenipigia aliambiwa sipatikani. *Meneja*

JIBU: Hayo ni mambo mawili, tuyatenganishe.

La kusajili. Kwenye Grandstream HT801 fungua ukurasa wa "FXS Port"; kwenye HT802 na HT812 seva huwekwa kwenye "Profile 1" na akaunti kwenye "FXS Ports". Panapoandikwa "Primary SIP Server" weka jina la seva ulilopewa, bila http na bila mkwaju (/); SIP ni lugha inayopanga simu za intaneti. "SIP User ID" ni namba au jina la akaunti. "Authenticate ID" mara nyingi ni hiyo hiyo, ila kampuni nyingine hutoa tofauti, na hapo wengi hupotea. Nenosiri linalohitajika ni la akaunti ya SIP, si lile la kuingilia tovuti ya kampuni kuongeza salio. Liandike kwa mkono. Ukilinakili kutoka kwenye ujumbe, nafasi tupu huja nayo mwishoni na macho hayaioni.

Adapta au kampuni ikikutajia namba ya kosa, isikilize. 401 inayojirudia ni nenosiri au "Authenticate ID". 403 ni seva imekukataa: akaunti imefungwa, au hairuhusiwi kutoka ulipo. 408, au kimya kabisa, ni kwamba ujumbe haufiki au haurudi, na hapo nenosiri halina hatia. Hakikisha jina la seva halina kosa la herufi, adapta ina anwani za DNS (seva zinazogeuza majina kuwa anwani za namba), na ruta haizuii bandari 5060 ya UDP, mlango wa mtandao ambao ujumbe wa SIP hupitia.

La kutopatikana. Tazama kwenye ukurasa wa ruta anwani iliyopewa na mtandao wa simu. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, unatumia anwani ya nje pamoja na wateja wengine. Basi kazi yote ya kufungua bandari kwenye ruta haitasaidia. Usimlipe fundi kwa hiyo. Adapta ikikaa kimya, njia ambayo adapta iliifungua kwenda kwenye seva hufungwa, wakati mwingine ndani ya nusu dakika, na simu inayoingia haina pa kupita. Dawa ni kuifanya adapta itume salamu mara kwa mara: weka "Keep-alive Interval" iwe sekunde 20. Kwenye Linksys washa "NAT Mapping Enable" na "NAT Keep Alive Enable", zote mbili. Data inayotumika kwa salamu hizo ni ndogo sana.

SWALI: Mimi nawasikia, wao hawanisikii. Ruta ni ya mkongo, intaneti ina kasi nzuri. *Msomaji, Makorora*

JIBU: Kasi haihusiki hapa. Sauti husafiri kwa njia tofauti na ile inayopanga simu; simu inaweza kuita na kupokelewa huku sauti ya upande mmoja ikipelekwa kwenye anwani isiyofikika. Mhusika wa kwanza ni kipengele cha ruta kiitwacho SIP ALG. Kilibuniwa kusaidia, lakini kwenye ruta nyingi huandika upya anwani zilizomo kwenye ujumbe na kuzivuruga. Kizime, washa upya ruta, kisha adapta, kwa mpangilio huo. Kikiwa kimefichwa na kampuni ya intaneti, waombe wakuzimie. Ikishindikana, weka kwenye adapta seva ya STUN ya kampuni yako ya simu, ile inayoiambia adapta anwani yake ya nje.

Kasi ina mahali pake. G.711 na G.729 ni mitindo ya kufungasha sauti: simu moja kwa G.711 inakula kama kilobiti 87 kwa sekunde kwenda na kiasi hicho kurudi, kwa G.729 ni kama 31. Sauti ikikatika-katika mtu anapopakia video, tatizo ni upande wa kupakia. Ipe adapta kipaumbele kwenye ruta, au chagua G.729.

SWALI: Nikipiga 07 haiendi, mpaka niandike 255. Wafanyakazi wanasahau kila siku. *Ofisi ya wakala wa forodha, bandarini*

JIBU: Ifundishe adapta. Kwenye Grandstream, sehemu ya "Dial Plan" (kanuni za namba zinazopigwa), andika:

{ <0=255>[2-9]xxxxxxxx | 255xxxxxxxxx | 00x+ | 1xx }

Hapo 07, 06 na 027 ya mezani zote zitageuzwa zenyewe. Hesabu herufi x kwa makini: baada ya [2-9] ni nane, baada ya 255 ni tisa. Ikizidi moja, adapta inakaa ikisubiri tarakimu isiyokuja. Linksys hutumia mabano ya duara, nukta mbili (:) badala ya alama ya sawasawa, na 00x. badala ya 00x+.

Hiyo 1xx mwishoni inaruhusu 112 ipite, lakini msiitegemee. Seva ya kampuni inaweza kuwa mbali na isijue kuwa mpo Tanga. Kwa dharura, tumieni simu ya mkononi.

SWALI: Simu ya benki inasema "bonyeza 1", nikibonyeza haisikii. *Mama wa Pongwe*

JIBU: Mama, shikamoo. Mwambie kijana aingie sehemu ya DTMF, yaani milio ya vitufe, aweke njia ya RFC2833 kuwa ya kwanza. Inatosha.

SWALI: Nina waya wa zamani wa TTCL ukutani unaosambaa vyumba vitatu. Naweza kuchomeka adapta ukutani ili simu zote zilie? *Mstaafu, Bombo*

JIBU: Mzee wetu, shikamoo. Inawezekana, kwa sharti moja lisilo na msamaha: ule waya utokao nje ukatwe kabisa kutoka kwenye nyaya za ndani kwanza. Laini ya simu hubeba volti kama 48, na inapolia hupanda hadi karibu 90. Adapta nayo inatoa umeme wake yenyewe. Vikikutana, adapta huungua. Kuizima huduma hakutoshi. Waya utenganishwe kwenye kisanduku.

Baada ya hapo anza na simu moja, ongeza ya pili, kisha ya tatu. Mlio ukidhoofika, umezidisha mzigo. Na kwa kuwa Bombo iko karibu na bahari, fungua visanduku vya ukutani utazame shaba. Ikiwa na kutu ya kijani, kata sentimita chache, menya upya, ndipo ufunge. Mkwaruzo mwingi unaosikika kwenye simu hutoka hapo.

Umeme ukikatika, adapta na ruta hulala pamoja. UPS ndogo iwashike vyote viwili. Kabla ya kubadilisha chaja, soma volti kwenye stika: kuna adapta za volti 5 na za volti 12, na kichwa cha chaja kinaweza kuingia vizuri kabisa hata kama si chenyewe.