Gari la milioni nne linakuja na madeni yake

Mshale wa joto ulianza kupanda tulipoiacha Mahenge. Tulikuwa tunawahi msiba Iringa, mimi, mke wangu na mtoto, kwenye Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, yenye namba za usajili za herufi B, niliyoinunua miezi miwili nyuma kwa milioni nne na laki mbili. Katikati ya mlima Kitonga mshale ukagusa H. Nikazima kiyoyozi, nikafungua hita mpaka mwisho, maana hita hupunguza joto la injini japo mliomo ndani mnaiva. Wapi! Mvuke ukaanza kutoka kwenye boneti, nikasogea pembeni. Utingo wa lori lililokuwa linajikongoja nyuma yetu akaruka, akatia jiwe nyuma ya tairi langu, kisha akanidaka mkono kabla sijagusa mfuniko wa rejeta, kile kifaa kinachopoza maji ya injini.

"Kaka, utababuka uso. Acha lipoe kwanza." Akakimbilia lori lake.

Tulikaa pale karibu saa nzima. Nashukuru sikumwaga maji ya baridi kwenye injini iliyochemka, kwani hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, ingeweza kupasuka palepale.

Fundi wa Iringa alipofungua rejeta, kilichotoka kilifanana na uji wa ulezi. Kutu tupu. Akafungua pa kukaa themostati, hamna kitu. Akacheka: "Aliyekuuzia alikuwa anajua."

Ukimiliki gari la zamani Bongo, habari ya themostati utaisikia sana. Ni kidude kidogo kinachozuia maji yasizunguke kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, kwa Corolla yangu nyuzi 82 hivi. Mafundi wengi wanakitoa na kukitupa, wanasema nchi yetu ni ya joto, hakina kazi. Kazi kinayo. Bila hicho injini inachelewa kupata joto, inakula mafuta zaidi, inachakaa haraka. Ubaya mkubwa ni kwamba kukitoa kunaficha ugonjwa. Gari linachemsha kwa sababu mtu alijaza maji ya bomba miaka mitano badala ya kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini, rejeta ikaziba. Fundi anatoa themostati, anaunga feni direkti izunguke muda wote, gari linatulia. Hapa Dar, Ubungo mpaka Kimara halisumbui. Mlimani ndipo linasema ukweli.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniuliza gari la bei nafuu, sianzi na umri wake. Gari la miaka 25 lililotunzwa linakwenda vizuri tu. Kinachoua ni madeni, yaani kila kitu ambacho mwenye gari wa kwanza, wa pili na wa tatu walitakiwa kufanya wakaungaunga. Ukilipia gari, umeyarithi yote. Mimi yalinitoka milioni moja na laki tatu ndani ya miezi minne: rejeta, mfuniko wake, pampu ya maji, themostati, mkanda wa taimingi na bushi za mbele. Kwa hiyo kama una milioni tano, tafuta gari la milioni tatu na nusu. Ukimaliza yote kwa dalali, utalipaki nyumbani ukilitazama.

Kwenda kuliona, nenda asubuhi, na mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Weka kiganja kwenye boneti. Likiwa la moto, jiulize kwa nini. Likiwa la baridi fungua rejeta uone rangi ya maji, halafu fungua mfuniko wa oili. Ukikuta uchafu wa rangi ya chai ya maziwa, huenda maji yanachanganyika na oili, gasketi ya hedi imekwenda. Aga kwa adabu uondoke. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Deni la trafiki nalo linafuata namba ya gari, liangalie mtandaoni kabla hujatoa hela. Kadi ya gari isome jina la anayekuuzia, si la shemeji yake aliyeko safarini.

Kwenye spea nina msimamo ambao baadhi ya rafiki zangu wanaupinga. Vitu vya chuma, kama altaneta inayochaji betri au stata inayowasha injini, nanunua mtumba wa Japani kwenye maduka ya Gerezani, Dar, kuliko kipya nisichojua kimetoka wapi. Vitu vya mpira, yaani bushi, mikanda na mipira ya breki, nanunua vipya tu, kwani mpira unazeeka hata ukiwa stoo. Matairi ni hivyohivyo: soma tarakimu nne ubavuni. 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama linang'aa.

Nenda dukani mwenyewe, kifaa kibovu mkononi. Ukimtuma fundi, anaweka cha juu. Simlaumu sana, wengi tunampa elfu kumi kwa kazi ya siku nzima halafu tunashangaa. Fundi wangu wa sasa namlipa ufundi wake vizuri, spea nanunua mimi, na kila kitu naandika kwenye daftari lililo kwenye dashibodi pamoja na kilomita. Oili namwaga kila kilomita 5,000.

Mwezi uliopita alikuwa kasafiri, nikapeleka gari kwa kijana mmoja abadilishe plagi. Alipomaliza akainama, akachungulia, akagonga kwa spana palepale ninapopajua.

"Bosi, hii themostati tuitoe tu. Nchi yetu ya joto hii."

Nikamlipa hela ya plagi, nikafunga boneti mwenyewe.