Neno unaloona unalijua ndio la kufungulia kamusi kwanza

Miaka kadhaa nyuma mzee mmoja jirani yangu aliniletea fomu ya Kiarabu nimsomee, anataka kujua ajaze nini wapi. Kiarabu changu kilikua cha kujifunza mwenyewe kwa vitabu na kusikiliza sikiliza, ila nilijiona niko vizuri maana kila mstari nakutana na maneno kama ya kwetu. Nikafika kwenye kisanduku kimeandikwa jinsiyya. Kamusi sikuigusa, nikamwambia hapa wanauliza jinsia, andika mwanamume. Kisanduku cha juu yake kilikua jins, hapo nikasita kidogo alafu nikasema hiyo ni "aina", bila shaka aina ya maombi. Fomu ikarudishwa. Kumbe kwenye fomu za Kiarabu jins ndio wanakouliza mwanamume au mwanamke, na jinsiyya ni uraia.

Yule mzee ilibidi aanze upya kusubiri, na mpaka leo bado inaniuma, kwa sababu maneno magumu yote kwenye ile karatasi niliyatafuta moja moja na nikayapatia, nikaenda kukosea lile ambalo niliona halina haja ya kutafutwa. Ndio maana kila anayeniuliza aanzeje kujifunza lugha namwambia hivi: neno geni kabisa halikudanganyi, unajua hulijui, utaliuliza. La kuogopa ni lile linalokuja na sura ya nyumbani.

Sasa kufanana huku kuko namna mbili na kila moja ina dawa yake. Kuna maneno ni ndugu wa damu ila waliachana zamani kila mmoja akashika tabia zake, na kuna maneno hayajuani kabisa, sura tu ndio zimegongana.

Hao ndugu kwetu wamejaa kwa sababu ya Kiarabu. Chukua tafadhali. Sisi tunaombea, tafadhali nisaidie. Mwarabu akikwambia tafaddal anakukaribisha, yaani pita, kaa, chukua, na akitaka kuomba yeye anasema min fadlik. Mzizi ni uleule wa fadhila ila sisi tumeuweka mdomoni kwa anayeomba, wao wameuweka kwa anayetoa. Au angalia adabu, kwa Kiarabu adab ni tabia njema na hapohapo ndio jina la fasihi, sisi tukachukua ile tabia njema tukaacha nusu nyingine, alafu tulipotaka jina la fasihi tukaenda kuchukua neno ambalo kwao linamsifia mtu anayesema kwa ufasaha. Kwaiyo ukikuta kitabu cha Kiarabu juu ya historia ya adab usidhani kinahusu heshima, kinahusu mashairi na waandishi.

Wazungu nao wanayo haya. Gift kwa Kiingereza ni zawadi, Gift kwa Kijerumani ni sumu, na hawa ni ndugu kabisa, wote wametoka kwenye kitendo cha kutoa. Kwa Wajerumani "kilichotolewa" kikaja kumaanisha dozi ya dawa, na kutoka dozi mpaka sumu sio mbali. Ule utoaji wa zamani bado umejificha kwenye neno lao Mitgift, mali anayopewa binti na kwao anapoolewa.

Dawa ya hawa ndugu ni kujua waliachania wapi. Mi nikishajua hadithi ya neno silisahau tena, kuliko kukariri "hili sio lile" mara hamsini. Na daftarini usiandike neno sawasawa na neno, andika sentensi nzima, maana tafadhali na tafaddal ukiziweka peke yake zitaendelea kufanana tu, ukiziweka kwenye sentensi unaona moja inaomba na nyingine inakaribisha.

Hao wasiojuana ndio wanaleta ubishi mtandaoni. Pesa na peso ya Kihispania, zote hela, tofauti irabu moja tu, mtu anakuapia ni kitu kimoja. Lakini pesa imetoka India kwenye paisa, ambayo ukiifuata nyuma unafika kwenye neno la Kisanskrit, lugha ya kale ya India, la robo, na peso imetoka kwenye Kilatini kwenye neno la kupima uzito. Zimetoka mbali tofauti zikakutana sokoni.

Simba ndio nimebishana nayo sana. Kisanskrit simba ni simha, ndio huyohuyo aliye kwenye jina la Singapore na kwenye jina la Singh, kwaiyo watu wanahitimisha kwamba neno letu limeletwa na meli za Wahindi. Hapa usibishane kwa hisia, uliza ndugu wa karibu kwanza. Kishona simba ni shumba. Kizulu wana insimba, ila kwao ni kanu, yule mnyama mdogo wa jamii inayokaribiana na paka. Neno lililosambaa namna hiyo kwenye lugha za Kibantu, mpaka maana yake imeanza kuhama kutoka mnyama mmoja kwenda mwingine, halikushuka na meli, lilikuwepo nyumbani zamani.

Na hicho ndio kipimo ninachokitegemea kuliko vyote: undugu wa kweli haukai kwenye neno moja, unajirudia kwa utaratibu. Sisi tunasema watu, Mzulu anasema abantu. Sisi wawili, yeye ababili. Sisi weka, yeye beka. Unaona ile w yetu inavyokutana na b yake kila mara? Huo ndio ushahidi. Jacob Grimm, mtaalamu wa lugha wa Ujerumani, alionyesha kitu cha namna hiyo mwaka 1822 kwa lugha za Ulaya, kwamba p ya Kilatini inakutana na f ya Waingereza na Wajerumani, pater na father (baba), piscis na fish (samaki). Ndio maana ndugu wa kweli mara nyingi hata hawafanani, wheel ya Kiingereza na chakra ya Kihindi, zote gurudumu, ni mzizi mmoja na kwa macho huwezi kudhani.

Alafu lugha yetu ina irabu tano tu na silabi fupi fupi zilizo wazi, yaani zinazoishia na irabu, kwaiyo maneno kama kaka lazima yatokee kwingine kwa bahati tu. Kaka kwa Kiswidi ni keki, kwa Wamaori wa New Zealand ni aina ya kasuku, kwa Wahausa ni babu au bibi. Kuna lugha ya Australia inaitwa Mbabaram ambayo neno lake la mbwa lilikua dog, hivihivi kama la Kiingereza, na halikutoka kwa Waingereza, lilitokana na neno refu zaidi la huko huko ambalo lilifupishwa taratibu mpaka likafika hapo. Mtu akikuletea orodha ya maneno matano kuthibitisha lugha mbili ni moja, muombe akuonyeshe sauti zinazojirudia, kama hana hiyo ni bahati.

Wala usidhani wageni wako nje tu. Kima wa porini ni Mbantu, kima ya nyama iliyosagwa imekuja na Wahindi, na kima cha chini cha mshahara ni Kiarabu qima, thamani. Watatu chini ya jina moja, na kamusi nzuri inawapa namba tofauti, kima 1, kima 2, kima 3. Zile namba ndogo pembeni nilikua nazipita miaka yote bila kuziangalia, siku hizi ndio naanzia hapo.